Paa wa thumuni

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni mnyama gani wa hadithi za utotoni aliyekuwa mwandani wa kweli. Najua wengi watamtaja Sungura. Mimi simkubali. Alimpandisha Buku, yule panya mkubwa, mbuyuni wale asali ya Simba. Simba alipotokea, akamwambia Buku amfunge ndani ya majani makavu amtupe chini, akakimbia. Buku akaliwa.

Wangu ni paa wa maskini Hamdani. Kisa hiki cha Unguja Edward Steere alikichapisha London mwaka 1870 kwa jina la Sultani Darai, lakini mimi nilikipata Konde, Pemba, kwa bibi yangu. "Paukwa!" "Pakawa!" Naye huku anasuka ukili. Hamdani alikuwa akichakura jaani apate punje za mtama. Siku moja akaokota thumuni, sarafu ndogo tu, akanunua paa, wakawa wanakula mtama ule pamoja. Paa huyo ndiye aliyeokota almasi akamposea bwana wake binti wa Sultani, kisha akamuua nyoka wa vichwa saba ili bwana apate nyumba. Sisi tuliokulia kando ya msitu wa Ngezi twawajua paa: wadogo, ukikohoa tu keshatoweka. Kwa hiyo tulipoambiwa mmoja wao kamkabili nyoka yule, tulikuwa hatupumui.

Kisha paa akaugua. Akamtuma bi kizee ghorofani, amwambie bwana tu kwamba mwili wamuuma. Hakukumbusha almasi, hakumtaja nyoka. Hamdani akajibu apikiwe uji wa mtama mwekundu, kwani si kanunuliwa kwa thumuni? Mke alilia, akapeleka maziwa na wali kwa siri. Bibi akifika hapa mkono wake husimama juu ya ukili. Mtama! Chakula walichogawana jaani, leo kimekuwa cha kumdharau mgonjwa. Nilikuwa mkubwa nilipouona ukatili wa uji ule, na tangu hapo sijaweza kuupita upesi.

Paa akageuza kichwa, akafa. Hamdani akaota anachakura jaani. Kuamka, yuko jaani.

Tulikuwa tukimsihi bibi, ampe paa maziwa mapema kidogo, kabla hajageuza kichwa. Akikataa, akisema ndivyo alivyopewa na mama yake. Sasa binti yangu ananisihi vilevile, na kila usiku nakaribia kumkubalia.