Kwa nini Jim Reeves na wenzake hawachuji kila Krismasi

Mkuu mleta uzi, umeuliza inakuwaje kila Desemba baa, maduka na redio zinarudi kwa Bing Crosby, Nat King Cole na Jim Reeves, waimbaji wa Marekani waliokufa zamani, wakiimba theluji tusiyowahi kuikanyaga. Mimi ni mtoto wa Rombo, chini ya Kilimanjaro. Theluji nilikuwa naiona kule juu mlimani, na haikuhusiana kabisa na Krismasi. Krismasi kwetu ilikuwa basi la kutoka Dar.

Baba alikuwa anarudi mara moja kwa mwaka, tarehe 22 au 23, na kwenye begi lake kulikuwa na kaseti ya Jim Reeves ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Redio ilikuwa ya betri. Betri tulizianika juani, tukizirudisha zinapiga nyimbo tatu nne, kisha zinalegea. Kaseti inazunguka kwa kujivuta, na Jim Reeves anazidi kushuka mpaka unadhani anaimbia ndani ya pipa la mbege. Hakuna aliyezima.

Siku hizi ni fundi mitambo kwenye kumbi za harusi, na kazi hiyo ndiyo iliyonifungua masikio. Kabla ya mwaka 1925 hivi, mwimbaji alipaza sauti mbele ya pembe la bati ili sauti yenyewe ichore sahani. Ilipoingia maikrofoni ya umeme, mtu akaweza kuimba kama anaongea na wewe mmekaa kochi moja. Crosby aliijulia mapema. Jim Reeves naye mwanzoni aliimba kwa nguvu. Mwaka 1957, kwenye wimbo wa Four Walls, akasogeza midomo karibu na maiki, akashusha sauti, na huo ndio ukawa uimbaji wake. Sauti ya hivyo hata ukiiweka chini kabisa, watu wanapiga soga, watoto wanalia, mbuzi anakatwa, nayo bado ipo. Nyimbo nyingi mpya za Krismasi zinakutaka uache unachofanya uzitazame.

Kwenye theluji, hapo umenoa. White Christmas ya mtunzi Irving Berlin ina utangulizi ambao Crosby hakuuimba kwenye santuri: jamaa yuko Beverly Hills, California, ni tarehe 24 Desemba, jua linawaka, michungwa na mitende inayumba, naye anatamani kaskazini. Ule wa Nat King Cole, The Christmas Song, uliandikwa kiangazi cha 1945, huko huko California, na Mel Tormé na Bob Wells, wakijipooza joto kwa kuwaza baridi. Yaani nyimbo zenyewe zimetoka kwenye jua kali kama la kwetu! Crosby aliimba White Christmas redioni Krismasi ya 1941, siku 18 tu baada ya Wajapani kushambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, na wanajeshi wa Marekani waliokuwa mbali na kwao wakaing'ang'ania. Baba hakumjua Berlin, ila miezi 11 ya Dar aliijua.

(Ukiitafuta White Christmas ya Crosby, unayoisikia sana ni ya 1947. Ile ya 1942 ilitolewa nakala nyingi mno mpaka nakala mama ikachakaa, ikabidi Crosby arudi studio.)

Albamu ya Krismasi ya Jim Reeves ilitoka 1963, na Julai 1964 akafa kwa ajali ya ndege. Kaseti yetu yenyewe ilikuja kumezwa na redio, tukaiunga kwa gundi, ikamezwa tena. Desemba iliyopita nikamwekea mama albamu hiyo kwenye simu, nikaunga spika nzuri, sauti safi, spidi yake halisi. Akasikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho, akaniuliza huyu ni nani.

Nikamwambia, "Si Jim Reeves, mama."

"Hapana, mwanangu. Yule wa baba yako alikuwa na sauti nzito."