Kwa nini usaili hutesa kuliko foleni

Dada, umeuliza kwa nini usaili wa kazi pale Posta unakuchosha kuliko foleni ya Mbagala. Mwaka 2004 wanasaikolojia Sally Dickerson na Margaret Kemeny walichambua tafiti 208 na kuona kwamba kotisoli, homoni ya msongo inayotoka katika tezi zilizo juu ya figo, hupanda zaidi pale mtu anapopimwa na wengine katika jambo asiloweza kulidhibiti. Foleni inaudhi, lakini haikuhukumu. Tena, kwa wengi kotisoli hupungua wanaporudia jaribio lilelile, ilhali kwa baadhi ya wanaojithamini kidogo huendelea kupanda. Kwa hiyo usaili wa tatu ukikutetemesha kama wa kwanza, usidhani ni uzembe wa maandalizi.