Miaka 7 baada ya mwanangu kupasuliwa kichwa

Mwanangu alipasuliwa New Delhi, India, kwa ajili ya kifafa, akiwa na miaka 4. Sasa ana 11. Wazazi wa hapa Dar hunipigia simu, kutoka Mbagala, Tegeta, Gongo la Mboto, na swali la kwanza huwa lilelile: "Alipona?" Nawajibu kwa kirefu, maana jibu fupi lingewadanganya.

Kifafa chake kilitokana na ubongo uliojiumba vibaya tangu tumboni. Kwenye sehemu ndogo ya tabaka la nje, upande wa kulia, seli hazikujipanga. Madaktari huiita displasia ya korteksi. Kabla ya kulijua hilo tulizungushwa sana. Huyu anasema degedege, yule anasema mashetani, na shangazi yake akakataza watu wasimguse akianguka, eti povu linaambukiza. Haliambukizi jamani. Mlazeni ubavu, na msimtie kijiko mdomoni.

Dawa 2 zilizochaguliwa vizuri, kwa dozi kamili, zikishindwa kukizuia kifafa, ya tatu mara nyingi haifui dafu. Hapo ndipo pa kuuliza habari ya upasuaji. Sisi tuliongezewa ya tatu, kisha ya nne. Miaka 2 ikapita, na mtoto akapoteza hata maneno aliyokuwa ameanza kuyasema. Inaniuma mpaka leo.

Picha ya kwanza ya ubongo, ya kipimo cha MRI, tuliambiwa haina tatizo. Alikuwa na miezi 14, na kwa umri ule kasoro hii inaweza kujificha kwa kuwa ubongo haujakomaa. Iliporudiwa akiwa na miaka 3, ikaonekana. Kwa hiyo ombeni irudiwe. Na mtoto akianguka, mtu mmoja amwangalie asiumie, mwingine arekodi kwa simu: kichwa kimegeukia wapi, mkono upi umekakamaa. Video yangu ya sekunde 40 ilimsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote.

Mwaka 2017 madaktari wa India walichapisha utafiti wa watoto 116 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwatuliza. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 77 ya waliopasuliwa hawakuwa wanaanguka tena. Kwa waliobaki na dawa tu, asilimia 7. Utafiti huo ndio uliotupa moyo wa kuuza kiwanja. Lakini watoto wale hawakuwa na chanzo kimoja, na mwaka mmoja ni mfupi. Kwa kasoro za umbile kama ya mwanangu, jambo kubwa ni kama eneo bovu limetolewa lote. Kikibaki kipande, kifafa kinaweza kurudi, hata baada ya miaka. Muulizeni daktari wa upasuaji waziwazi: umetoa lote?

Kwetu kilirudi mwaka wa nne. Tulikuwa tumeacha dawa wenyewe, bila kumuuliza daktari, kwa kuona kimya kile ndiyo uponyaji. Akaanguka usiku, tunajiandaa kula daku. Msifanye hivyo; dawa hupunguzwa na daktari, polepole. Tangu tuzirudishe, kinamshika mara 1 au 2 kwa mwaka, usingizini. Zamani ilikuwa mara 10 kwa siku.

Kusoma bado kunamsumbua, na mkono wa kushoto umelegea kidogo, ingawa mazoezi yamesaidia. Jana nilimtuma chumvi dukani kwa Mangi, peke yake kwa mara ya kwanza. Nilisimama getini mpaka akakunja kona. Alirudi na chumvi, na chenji yote mkononi.