Maswali ya Wasomaji: Wino uliogoma kutoka kwenye boti ya mpira

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na kaka yangu tunayo boti ya kujaza upepo, rangi ya kijivu, ambayo tunaitumia kupeleka wageni kuogelea na kutazama samaki kutoka hapa Mikindani. Msimu uliopita kijana tuliyemwachia boti alikuwa akiandika hesabu ya safari na lita za petroli juu ya tyubu kwa makapeni nyeusi, na watoto wa jirani nao wakaongeza michoro yao kwa peni ya buluu. Tumesugua kwa sabuni ya unga na hata kwa dawa ya meno bila mafanikio. Fundi mmoja ametushauri tutumie thina. Je, tumsikilize?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi thina uiache kabisa, na petroli na asetoni vilevile, hadi utakapojua boti yako imetengenezwa kwa kitu gani. Niliwahi kuiona boti iliyofutwa wino kwa thina: wino ulitoka kweli, lakini pale ulipotoka ngozi ya boti ilianza kunata, ikashika mchanga na alama za vidole vya kila aliyeigusa, na ilipokauka ikawa ngumu na yenye nyufa ndogondogo. Doa linaondoa uzuri tu, ilhali tyubu iliyodhoofika hubeba watu wako katikati ya maji.

Boti nyingi za aina hii hutengenezwa ama kwa PVC, ambayo ni aina ya plastiki, ama kwa mpira wa viwandani unaojulikana zaidi kwa jina la Hypalon. Fungua mfuko wa viraka uliokuja na boti, kwa kuwa kwa kawaida kiraka hukatwa kutoka kitambaa kilekile, kisha kitazame pande zote mbili: PVC huwa laini na yenye mng'ao kama plastiki, ilhali Hypalon haing'ai, huhisika kama mpira, na mara nyingi mgongo wake ni mweusi. Hypalon huvumilia dawa kali zaidi, ingawa hata huko maungio yameshikwa kwa gundi, na gundi hiyo haina urafiki na thina. Kwa maelezo yako nadhani boti yako ni ya PVC, nayo ndiyo inayosumbua zaidi. Ili plastiki hiyo ikunjike bila kupasuka, kiwandani huchanganywa na kemikali za kuilainisha, na rangi ya wino hupenya polepole na kuzama ndani pamoja na kemikali hizo. Ndiyo maana doa la leo hufutika kwa dakika chache, na doa la msimu mzima halisikii sabuni: sabuni husafisha juu, wakati wino umekwisha kuingia chini ya ngozi. Dawa ya meno nayo ina chembe zinazokwangua, na mikwaruzo yake itakusanya uchafu mpya, kwa hiyo msiirudie.

Nunua duka la dawa spiriti isiyo na rangi, ile ya kusafishia ngozi kabla ya sindano, yenye asilimia 70 hivi ya alkoholi. Ile ya zambarau au ya buluu usiiguse, kwani utaondoa doa moja na kuweka jingine. Kitakasa mikono kisicho na rangi kinafaa pia, tena kwenye ubavu wa tyubu kina nafuu yake, kwa sababu ni kizito na hakitiririki. Jaza boti upepo kiasi cha ngozi kukaza, uiweke kivulini penye hewa, mbali na jiko, sigara na tangi la petroli, kwa maana mvuke wa spiriti hushika moto upesi katika joto letu la Pwani. Jaribu kwanza chini ya boti, mahali pasipoonekana. Ukiona rangi ya kijivu inahamia kwenye kitambaa, acha.

Chukua kitambaa cheupe cha pamba, ukilowanishe bila kudondosha, kisha ukigandamize juu ya doa kwa muda wa kuhesabu hadi 15 na kukiinua. Kitambaa kitakuwa na kivuli cha wino. Geuza upande safi na urudie, ukianzia pembeni mwa doa kuelekea katikati, kwa sababu anayeanzia katikati hulitandaza likawa wingu kubwa. Usisugue, wala usiache kitambaa kilichoshiba spiriti juu ya tyubu kwa nusu saa, kwani alkoholi ikikaa muda mrefu huvuta hata zile kemikali za kulainisha. Kila baada ya mizunguko mitatu au minne, osha kwa maji baridi na sabuni ya maji, kausha, na utazame upya. Peni ya buluu itakutii mapema kuliko makapeni.

Wapo wanaopaka krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi na kuianika juani, njia inayojulikana kwa watu wanaosafisha wanasesere wa plastiki. Hupausha wino kweli, lakini hupausha na rangi ya kitambaa, na wino mweusi uliotengenezwa kwa masizi haupaushwi nayo. Kwa boti inayobeba abiria, mimi nisingeitumia.

Baada ya siku mbili au tatu za kazi hii, kivuli hafifu kikibaki, kibaki. Kikikukera, bandika juu yake kiraka cha kitambaa kilekile kwa gundi ya PVC. Na kijana wako mpe kipande cha plastiki nyeupe, ukikwangue kwa msasa laini, na penseli iliyofungwa kwa kamba: penseli huandika juu yake hata ikiwa imelowa, na jioni maandishi hufutika kwa raba.