Sindano ya kuchanja vifaranga: ndui na kideri

Kwa ndui usinunue bomba la sindano kabisa. Chanjo yake hutolewa kwa kijisindano chenye ncha mbili, na mara nyingi kinakuja ndani ya boksi la chanjo. Kama hakimo, kidai dukani kabla ya kulipa. Unakichovya kwenye chanjo, unatoboa ngozi nyembamba ya bawa mara moja, basi. Epuka mshipa, mfupa na nyama, na tenganisha manyoya kwanza, la sivyo yatafuta dawa yote. Chanjo ikishachanganywa itumie ndani ya saa mbili, ukiiweka kivulini.

Kideri (mdondo) hakihitaji sindano: chanjo yake iitwayo I-2 ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kichupa cha plastiki cha kudondoshea, na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo duka likikuuzia sindano za kuchoma misuli kwa ajili ya hizi mbili, linakupotezea hela.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: usisafishe kijisindano kwa spiriti. Chanjo ya ndui ni virusi hai na spiriti inaviua. Chemsha, acha kipoe.

Ndivyo tunavyochanja kuku wetu wa kienyeji hapa Morogoro. Siku ya 7 hadi 10 kagua bawa; ukiona kivimbe au kigaga, chanjo imeshika. Umri wa kuanza ufuate kibandiko cha chupa, kwani hutofautiana, na kifaranga mgonjwa muache kwanza.