Maswali ya wasomaji: kumpa mwekezaji taarifa

Ripoti ya mwezi iwe ndefu kiasi gani, na ianze na nini?

Ukurasa mmoja unatosha, na fedha zitangulie: salio la benki, pengo kati ya matumizi na mapato, na miezi iliyobaki kabla fedha hazijaisha. Mkiwa na salio la shilingi milioni 90, mkakusanya milioni 8 na kutumia milioni 23 kwa mwezi, pengo ni milioni 15. Mmebakiwa na miezi 6. Pengo hilo liwe wastani wa miezi 3, maana mwezi uliolipiwa pango la robo mwaka utawapotosha. Hesabuni fedha zilizoingia, si ankara mlizotuma. Ruzuku na mikopo visichanganywe na mauzo kamwe. Mkaguzi wa hesabu atavitenganisha, na mwekezaji hataamini tena tarakimu zenu nyingine.

Tunauza kwa shilingi, mwekezaji anataka dola. Tufanyeje?

Andikeni zote mbili, pamoja na kiwango mlichotumia kubadilisha. Januari 2024 dola ilifika takriban shilingi 160 za Kenya. Aprili ilikuwa karibu 130. Mauzo yaleyale ya shilingi milioni 13 yangetoka dola 81,250 hadi 100,000, ongezeko la asilimia 23 bila mteja hata mmoja mpya. Ukuaji pimeni kwa shilingi.

Mteja wetu mkubwa ameondoka. Nisubiri nipate mwingine ndipo niseme?

Usisubiri. Mpigie simu mwekezaji mkuu leo au kesho, kisha waandikie wote wiki hiihii: mteja huyo alikuwa akileta kiasi gani, miezi iliyobaki sasa ni mingapi, utapunguza matumizi yapi na lini. Kutafuta mtaji huchukua miezi. Ukisema mapema, mwekezaji anapata nafasi ya kuongeza fedha au kukutafutia mwenzake; ukisema zikiwa zimebaki wiki 6, utasaini masharti yoyote utakayopewa. Wengi wanaonyamaza si wadanganyifu, wanaogopa tu. Woga huo tunauelewa, ila umeshaua kampuni ambazo zingeokoka.

Kila mwezi naomba msaada, hakuna anayejibu.

Ombi ni pana mno. "Tunatafuta wateja" halimwambii mtu afanye nini. Andika: "Tunaomba kukutanishwa na meneja manunuzi wa hospitali yenye vitanda zaidi ya 100 jijini Mwanza." Chini yake weka mistari 4 inayoieleza kampuni, ambayo mwekezaji ataituma kama ilivyo.

Tukitoa hisa mpya, inatosha kuzitaja kwenye ripoti?

Someni kwanza mkataba wa wanahisa. Mara nyingi hisa mpya, mkopo unaovuka kiwango kilichowekwa na uuzaji wa kampuni huhitaji idhini ya maandishi kabla ya kufanyika. Kutaja baadaye si idhini.