Kuziba mishipa kabla ya kutoa uvimbe wa puani

Dada, umeuliza kwa nini mwanao azibwe mishipa kwanza ilhali uvimbe si saratani. Pole kwa hofu. Anjiofibroma, yaani uvimbe huo wa puani, inayowapata hasa wavulana wanaobalehe, imejaa mishipa ya damu. Ikikatwa hivi hivi, damu humwagika hadi daktari asione anapokata. Hata kunyofoa kipande cha kupima huepukwa. Basi mrija mwembamba hupitishwa, mara nyingi kutokea kwenye paja, hadi ateri, yaani mshipa wa damu unaoulisha uvimbe, kisha chembe ndogo huziba njia. Upasuaji hufuata kwa kawaida ndani ya siku 1 hadi 3, kabla damu haijapata njia nyingine. Mimi ningeuliza hili tu: je, uvimbe unalishwa pia na mishipa ya jicho au ubongo? Hapo ndipo hatari ya upofu au kiharusi ilipo, ingawa ni nadra.